Kila Namba Ina Mahali Ilipoanzia: Nilivyorudia Fizikia ya Kidato cha Nne Nikiwa Mtu Mzima

Kozi ya picha za mionzi niliyokuwa naitamani ilidai angalau D ya Fizikia, na cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa na F. Haikuwa F ya kuonewa. Shuleni kwetu mwalimu wa somo hilo alihamishwa tukiwa kidato cha pili. Tangu hapo tukawa tunanakili notsi za kaka na dada zetu na kukariri fomula bila kujua zinafanya kazi gani.

Niliporudi darasani nilikuwa na miaka 27, mtoto mmoja, na kazi ya kuchapa na kudurufu kwenye steshenari ya watu karibu na stendi, Morogoro. Nilijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikasoma jioni, nikafanya mtihani Novemba, na Januari matokeo yakatoka na C. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, C ni alama 45 hadi 64, kwa hiyo usinisome kama mtaalamu. Nisome kama mtu aliyepita njia hiyo juzi na bado anakumbuka mashimo yalipo, hasa kwenye mada tatu zilizokuwa zinanitisha: mwanga, sumaku, na viini vya atomi vinavyovunjika vyenyewe.

Kwanza pesa, maana ndiyo watu huuliza kabla ya yote. Ada ya mtihani ilikuwa shilingi 50,000 kwa aliyejisajili ndani ya muda, anayechelewa anaongezewa. Twisheni nililipa 30,000 kwa mwezi. Kalkuleta ya kisayansi isiyo ya kuprogramu, 20,000. Jumamosi za maabara, kwenye shule iliyokubali kutufungulia mlango, tulichanga. Kilichoniuma zaidi ni saa za jioni, kwa sababu steshenari inapata wateja jioni, na tajiri wangu alikata posho kila nilipoondoka saa kumi na moja. Na pesa niliyoitupa kabisa ni ile ya "pepa" iliyouzwa kwenye kundi la simu, usiku wa kuamkia mtihani wa majaribio. Ilikuwa pepa ya zamani iliyobadilishwa mwaka. Niliitambua kesho yake kwa sababu niliwahi kuidurufu mwenyewe dukani. Usinunue.

Darasa la twisheni lilijaa watoto wa miaka 17 na 18. Wiki ya kwanza waliniita anti, wakadhani nimemleta mtu. Aibu ile iliisha upesi kuliko nilivyotegemea, maana mbele ya swali la lenzi wote tulikuwa na umri mmoja.

Mwalimu wetu alikuwa mdogo kwangu kwa umri, ananiita dada, nami namwita mwalimu. Alikuwa na tabia moja iliyonikera mwanzoni. Ukimpelekea jibu, hasemi umepata wala umekosa. Anaweka kidole kwenye namba moja ndani ya swali na kuuliza: "Hii imepimwa kutoka wapi?" Ukichukua muda kujibu, anakurudishia daftari. Ilinichukua karibu muhula mzima kutambua kwamba swali hilo moja ndilo lililokuwa limeniangusha katika mada zote tatu.

Chukua mwanga. Swali alilotupa siku ya kwanza lilisema hivi: mwale wa mwanga unaingia kwenye maji ukitengeneza pembe ya nyuzi 30 na uso wa maji, namba ya kupinda kwa mwanga ya maji, ile inayoandikwa n, ni 4/3, tafuta pembe ndani ya maji. Darasa zima tulikimbilia kanuni ya Snell: sine ya pembe ya hewani gawa kwa sine ya pembe ya majini ni n. Sine ya 30 ni 0.5, gawa kwa 4/3 unapata 0.375, pembe ni nyuzi 22. Jibu safi kabisa, mwale umepinda, pembe imepungua, kila kitu kinaonekana sawa. Na sote tulikosa.

Pembe za mwanga hazipimwi kutoka kwenye uso wa maji au wa kioo. Zinapimwa kutoka kwenye nomali, yaani mstari uliosimama wima juu ya uso huo pale mwale unapogusa. Nyuzi 30 kutoka usoni ni nyuzi 60 kutoka kwenye nomali. Sine ya 60 ni 0.866, gawa kwa 4/3 unapata 0.65, na pembe ni nyuzi 40.5. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halikuonyeshi dalili. Kalkuleta hailalamiki, jibu halitoki kubwa mno wala hasi. Dawa yake ni kuchora kabla ya kushika kalkuleta: uso, nomali kwa vistari vya kukatika, mwale, kisha andika pembe mahali pake. Nilipoanza kuchora kila swali, hata lile nililodhani nalijua, alama zangu za mada ya mwanga zilipanda kuliko kwa kitu kingine chochote nilichofanya mwaka ule.

Swali la kina cha maji lina mtego wa ukoo huohuo. Kisima cha mita 2, ukikitazama kutoka juu, kinaonekana kina cha mita 1.5, kwa sababu kina halisi gawanya kwa kina kinachoonekana ni 4/3. Soma mwisho wa swali: wanataka kina kinachoonekana, au wanataka chini ya kisima pameinuliwa kwa kiasi gani? La kwanza limepimwa kutoka juu ya maji, jibu mita 1.5. La pili limepimwa kutoka chini kabisa, jibu nusu mita. Binamu yangu wa Bagamoyo, ambaye hajui sine ni kitu gani, anapochoma samaki kwa mkuki hulenga chini ya pale anapomwona. Kioo bapa nacho ni hivyohivyo. Mtu amesimama mita 2 mbele ya kioo. Taswira yake iko mita 2 nyuma ya kioo, lakini iko mita 4 kutoka kwake. Maswali ya namna hii hupenda kubadilisha mahali pa kuanzia katika sentensi ya mwisho, wakati wewe umeshaanza kuandika.

Kwenye lenzi ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na sababu haikuwa hesabu. Fomula ni moja tu: 1/f = 1/u + 1/v, ambapo f ni umbali wa fokasi (pale miale iliyo sambamba inapokutana), u ni umbali wa kitu, v ni umbali wa taswira, vyote vikipimwa kutoka katikati ya lenzi. Weka kitu sentimita 10 mbele ya lenzi mbinuko (ile iliyonenepa katikati) yenye fokasi ya sentimita 15. 1/v inakuwa 1/15 toa 1/10, sawa na hasi 1/30, kwa hiyo v ni hasi 30. Hasi hiyo inasema taswira iko upande uleule wa kitu, haiwezi kudakwa kwenye karatasi, imesimama wima, na ni kubwa mara tatu. Hicho ndicho kioo cha kukuzia ambacho babu hutumia kusomea gazeti.

Tatizo lilikuwa video. Kwa kuwa nilisoma usiku, nilitegemea sana masomo ya kwenye simu, na mengi mazuri ni ya walimu wa India. Wao wanatumia utaratibu mwingine wa alama za chanya na hasi: umbali wote unapimwa kutoka kwenye lenzi kwa kufuata mwelekeo wa mwanga, kwa hiyo umbali wa kitu unaandikwa hasi, na fomula yao ni 1/v toa 1/u sawa na 1/f. Utaratibu wao ni sahihi, na wetu wa "halisi ni chanya" (umbali wa kitu, na wa taswira inayodakika kwenye karatasi, ni chanya) ni sahihi. Ukichukua fomula yao ukaweka alama zetu ndipo mambo yanaharibika. Kwa swali lile la juu, 1/v inageuka kuwa 1/15 jumlisha 1/10, sawa na 1/6, na unapata taswira sentimita 6 nyuma ya lenzi. Nalo ni jibu lenye sura nzuri! Nilizunguka na mkanganyiko huu wiki kadhaa, nikiamini kitabu cha majibu kimekosewa chapa. Ushauri wangu: chagua utaratibu mmoja, ule wa vitabu vya kwenu, uandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na video zitumie kwa maelezo tu. Hesabu fanya kwa utaratibu wako.

Kilichonitoa hofu ya lenzi ni kitu cha dukani. Tulikuwa tunauza vioo vya kukuzia vya mpini wa plastiki. Siku moja mchana, umeme umekatika na mashine zimelala, nilichukua kimoja, nikasimama ndani karibu na ukuta wa nyuma, nikakishika kati ya mlango na karatasi nyeupe ya A4. Nikakisogeza mbele na nyuma taratibu. Mara ikatokea kwenye karatasi: bodaboda iliyopaki ng'ambo ya barabara, ndogo kama ukucha, miguu juu, na dereva wake kichwa chini anakunywa maji. Rangi zote zilikuwepo, hata bluu ya kofia yake. Nilipima kwa rula kutoka kwenye lenzi hadi karatasi, nikapata takriban fokasi ya kioo kile, kwa sababu mwanga wa kitu kilicho mbali hukutana karibu kabisa na fokasi. Jaribio hili ni la bure, lifanye kwa dirisha na ukuta wowote. Baada ya hapo maneno "taswira halisi" na "imepinduka" hayakuwa tena ya kukariri.

Nikiwa hapohapo kwenye mwanga, neno moja juu ya vitendo. Kwenye jaribio la kufuatilia njia ya mwale kupitia kipande cha kioo kwa pini nne, acha nafasi ya kutosha kati ya pini na pini, angalau sentimita 5, na unapozipanga ziwe kwenye mstari mmoja tazama miguu yake, siyo vichwa, kwa sababu pini mara nyingi inachomwa ikiwa imeinama kidogo. Penseli iwe imechongwa. Kosa la unene wa mstari linaweza kukupotezea nyuzi mbili nzima, kisha grafu yako ikakataa kunyooka.

Sumaku sikuipenda na bado siipendi, kwa hiyo nitapita haraka. Hesabu zake kwa kidato cha nne ni nyepesi. Waya wa sentimita 10 unapitisha mkondo wa ampea 3 ndani ya uga wa sumaku wa tesla 0.2, ukikatisha uga kwa pembe mraba: kani ni 0.2 mara 3 mara 0.10, sawa na nyutoni 0.06. Anayesahau kugeuza sentimita kuwa mita anapata nyutoni 6, ambayo ni uzito wa gramu 600 za mchele. Waya mfupi vile ungeruka mezani. Nilijifunza kujiuliza kila mara kama jibu langu linaweza kutokea kwenye meza ya maabara.

Shida ya sumaku ni mwelekeo. Mkono wa kushoto wa Fleming (dole gumba ni mwendo, kidole cha shahada ni uga, cha kati ni mkondo) ni wa mota, wa kulia ni wa jenereta, na mkondo unaotakiwa kuonyeshwa na kidole unatoka chanya kwenda hasi. Elektroni zinakwenda kinyume chake. Basi wakikupa boriti ya elektroni inayokwenda kulia, na uga unaoingia ndani ya karatasi, kidole cha mkondo lazima kielekee kushoto. Ukifanya hivyo, dole gumba linaonyesha kwamba elektroni zinapinda kwenda chini ya ukurasa. Ukisahau, zinapinda kwenda juu na alama zinapotea. Usione haya kuzungusha mkono ndani ya chumba cha mtihani. Siku yetu msimamizi alikuwa anatutazama kwa mshangao, darasa zima tumenyoosha vidole vitatu.

Transfoma ni zawadi, usiikose. Volti 240 kwenda 12, koili ya kwanza mizunguko 1,000, basi ya pili ni mizunguko 50. Taa ya wati 60 upande wa volti 12 inavuta ampea 5, na kama hakuna umeme unaopotea, upande wa volti 240 inavutwa ampea 0.25. Ila ukiona swali la transfoma limetaja betri, simama. Mkondo wa betri haubadiliki, transfoma inahitaji uga unaobadilika, na volti inayotoka upande wa pili ni sifuri.

Kuna jambo moja la sumaku lililonifurahisha, na halikuwa kwenye notsi za mtu yeyote. Vitabu vingi vinachora sindano ya sumaku iliyoning'inizwa ikiwa imeinamisha ncha ya kaskazini ardhini. Michoro hiyo ni ya Ulaya. Ikweta ya sumaku, pale sindano inapolala sawasawa, kwa upande huu wa Afrika inapita kaskazini ya ikweta ya kwenye ramani, na sisi wa Morogoro tuko kusini yake. Kwetu ncha inayoinama ni ya kusini. Ukichukua sindano ya kushonea, ukaining'iniza kwa uzi mpaka ilale sawa, ndipo ukaitia sumaku bila kusogeza fundo, inaonekana. Na tazama tena: pembe hii ya kuinama inapimwa kutoka kwenye mlalo, si kutoka kwenye wima kama zile za mwanga. Unga wa chuma wa kuchorea uga tuliomba kwa fundi wa kuchomelea mageti, akatupa bure. Sumaku ya spika mbovu inatosha, lakini ifunge kwanza kwa karatasi; ule unga ukishagusa sumaku yenyewe, hautoki.

Mionzi ndiyo niliyokuja kwa ajili yake, na ndiyo iliyonipa alama nyingi. Mama yangu alipojua ninasomea nini aliniita jikoni akaniuliza polepole, "Mwanangu, si utakuja kushindwa kuzaa tena?" Nikamweleza kwamba wafanyakazi wa mionzi wanajikinga kwa mambo matatu, yaani kukaa karibu na chanzo muda mfupi, kuwa mbali nacho, na kuweka ukuta au risasi (ile metali nzito) katikati, na kwamba wanavaa kifaa cha kupima kiasi walichopokea. Sidhani nilimtuliza. Lakini kumweleza kulinisaidia, kwa sababu swali hilohilo lilikuja kwenye mtihani wa majaribio.

Nusu-maisha ni muda ambao nusu ya viini vilivyopo huvunjika. Niliielewa kwa sarafu za chenji. Mwaga mezani sarafu 100 za shilingi mia, ondoa zote zilizoangukia upande wa Mwalimu Nyerere, okota zilizobaki umwage tena. Zinabaki hamsini na kitu, kisha ishirini na kitu, kisha kumi na kitu. Hakuna sarafu inayojua zamu yake, wala haikumbuki imerushwa mara ngapi, ila kundi zima linapungua kwa nusu kila mara. Mwanangu alidhani ni mchezo na akataka kila siku.

Sasa hesabu. Iodini-131, inayotumika kutibu tezi ya shingo, ina nusu-maisha ya siku 8. Una gramu 80. Baada ya siku ngapi zitabaki gramu 10? Andika 80, 40, 20, 10. Hapo wengi huhesabu namba nne, wakazidisha 4 kwa 8 na kupata siku 32. Namba ni nne, lakini hatua ni tatu, kwa sababu 80 ni ya siku ya sifuri. Jibu ni siku 24. Mimi huandika muda juu ya kila namba, kuanzia 0, na sijawahi tena kukosea hapo. Kisha angalia wanauliza kilichobaki au kilichovunjika. Baada ya siku 24 zimebaki gramu 10, zimevunjika 70.

Wakiuliza siku 12, ambazo ni nusu-maisha moja na nusu, usichukue katikati ya 40 na 20 ukasema 30. Upungufu hauendi kwa mstari ulionyooka. Ni 80 mara 0.5 kwa kipeo cha 1.5, sawa na gramu 28.3.

Swali lililonipenda, na nikalipenda, ni hili. Kifaa cha Geiger, cha kuhesabia mionzi, kinahesabu mapigo 420 kwa dakika kikiwa karibu na chanzo. Baada ya dakika 30 kinahesabu 70. Chanzo kikiondolewa, kinaendelea kuhesabu 20 kwa dakika. Tafuta nusu-maisha. Ukigawa 420 kwa 70 unapata 6, namba isiyokwenda popote, na hapo ndipo watu hutupa kalamu. Yale mapigo 20 ni ya mionzi ya mazingira, kutoka ardhini, kwenye kuta, angani. Yapo siku zote, chanzo kiwepo kisiwepo. Hesabu ya chanzo haianzii sifuri, inaanzia 20. Toa 20 pande zote mbili: 400 na 50. 400, 200, 100, 50, hatua tatu kwa dakika 30, nusu-maisha dakika 10. Nilipolikamilisha bila msaada nilimpelekea mwalimu, naye akaweka kidole chake kwenye 420 kama kawaida. Nilimjibu kabla hajafungua mdomo. Akacheka, akasema, "Haya dada, nenda kauze karatasi."

Kuna aina nyingine hupendwa na watunga mitihani: urani-238 inaishia kuwa risasi-206, zimetoka alfa ngapi (chembe za protoni 2 na nyutroni 2) na beta ngapi (elektroni zinazotoka kwenye kiini)? Namba ya atomi ya urani ni 92, ya risasi 82. Anza na uzito, kwa sababu beta haigusi uzito. 238 toa 206 ni 32. Kila alfa inaondoka na 4, kwa hiyo alfa 8. Alfa 8 zinaondoka na protoni 16, ambazo zingeishusha 92 hadi 76. Lakini tuko kwenye 82, na kila beta inapandisha namba ya atomi kwa moja, basi beta ni 6. Ukianza na beta utazunguka mpaka kengele ilie.

Mambo hayo yana kazi nje ya karatasi pia. Kobalti-60, iliyotumika miaka mingi kwenye mashine za kutibu saratani, zikiwemo za hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ina nusu-maisha ya miaka 5.27. Maana yake, chanzo kikikaa muda huo, mgonjwa analazwa chini ya mashine mara mbili ya dakika za mwanzo ili apate kiasi kilekile. Mtu anayekosea hesabu hiyo hapotezi alama tu.

Nilikuwa na daftari dogo la makosa. Kila swali nililokosa niliandika mstari mmoja, siyo jibu, bali namba gani niliianzisha mahali pasipo pake: uso badala ya nomali, fokasi badala ya lenzi, sentimita, siku ya kwanza badala ya sifuri, mapigo ya mazingira. Mwezi wa mwisho sikusoma kitabu kingine. Nilifanya pepa za nyuma kwa saa, dukani, mashine zikitulia, kisha nikalinganisha na daftari lile.

Siku ya mtihani, kabla ya swali la kwanza, bonyeza sine ya 30 kwenye kalkuleta. Isipotoa 0.5 huenda iko kwenye R (radiani), irudishe kwenye D (nyuzi). Jirani yangu hakufanya hivyo na alilia kwenye korido. Tumia thamani za π na g zilizochapwa mwanzo wa karatasi, siyo unazozijua wewe. Na andika hatua zote, kwa sababu jibu likiharibika mwishoni, fomula sahihi na namba zilizowekwa mahali pake bado zina alama.

Kama unaanza mwezi huu na huna mwalimu, usianze na lenzi. Anza na nusu-maisha, maana inahitaji kugawa kwa mbili na jedwali tu, na inakupa moyo mapema. Fuata transfoma. Mwanga uweke katikati ya mwaka, mkono ukiwa umezoea kuchora, na ununue karatasi za grafu kabisa, kwa sababu mchoro wa miale kwenye karatasi ya mistari hautakuonyesha kwamba v ni 30 au 26. Ulizia kituo cha mtihani mapema. Vingine vinajaa kabla dirisha la usajili halijafungwa, na kubadilisha kituo baadaye ni safari nyingine yenye nauli yake.